Sajaa (nathari yenye vina) na michezo ya maneno: mtafsiri afuate maana au afuate mchezo?

Mtoa mada: Wadau, kila tukigusa tafsiri za Kiarabu kwenda Kiingereza inarudi hoja ileile, eti kazi ya mtafsiri ni maana tu, mbwembwe za lugha awaachie wenyewe. Mi nabisha, na shahidi wangu ni Maqamat za al-Hariri wa Basra (alifariki 1122), visa 50 vilivyoandikwa kwa sajaa, vya tapeli mmoja Abu Zayd anayekula kwa ulimi wake.

Chukua kile cha 16. Jamaa wamekaa msikitini baada ya magharibi wanashindana kutunga maneno yanayosomeka vilevile mbele na nyuma, na mfano wao ni "sakib kas", yaani mwenye kumimina kikombe. Zihesabu herufi: sin, alif, kaf, ba, kaf, alif, sin. Anzia mwisho, zilezile. Sasa mtu akikuandikia "mwenye kumimina kikombe" akaishia hapo kakupa nini? Ni kama umwambie Mwingereza kwamba "anakana" ni mtu anayekataa kosa, basi, wala usimwambie alisome kinyumenyume.

Thomas Chenery mwaka 1867 alitoa 26 za kwanza kwa njia hiyo ya maana na maelezo kibao, kazi ya msomi kwelikweli ila kucheka hucheki ng'o. Michael Cooperson 2020 kaja tofauti, kila kisa kakivalisha Kiingereza chake, kipo cha Chaucer yule mshairi wa kale wa Uingereza, kipo cha Singapore, kipo cha Nigeria. Mchezo kwa mchezo.

Mchangiaji: Hapo ndo tunapoachana ndugu yangu. Al-Hariri kaandika fus-ha, Kiarabu sanifu, mwanzo mpaka mwisho, hizo lahaja 50 zimetoka wapi? Mi nimemfuata al-Hariri nakutana na Cooperson mlangoni. Halafu sajaa si ya kuchekesha tu, sisi tuliokaa chini ya mimbari tunajua vile vina ndo vinafanya khutba ikae kichwani mpaka unafika nyumbani. Mshairi Mjerumani Rückert alishaifanya kwa Kijerumani 1826, na vina vyake kabakisha, sasa Kiingereza kinashindwa nini?

Mtoa mada: Kwa Rückert umenishika, sikatai. Ila vina vikijaa kwenye Kiingereza cha nathari, ukurasa wa pili tu unasikia tangazo la sabuni. Haya we ungeiletaje "sakib kas" kwa Kiswahili? Mi nimekaa nayo tangu jana, kikombe kimegoma kabisa, nimeambulia "anabana".