Wananiita kifaru: nitajuaje kama upanga wa henzerani "umeniua"?

ghala_usiku
Wakuu habari za saa hizi. Niko Ohio mwaka wa nne huu napiga kazi ghalani shifti ya usiku, kuna mshkaji hapo kazini ndo kaniingiza kwenye hii michezo ya vita vya zamani vya Ulaya, wanaita SCA (Society for Creative Anachronism). Kwa wasioijua ilianza 1966 Berkeley, California, uani kwa mtu tu, sherehe ya wanafunzi, leo wameigawa dunia nzima kwenye falme zao, sisi wa Ohio tuko Middle Kingdom. Mnavaa deraya, yaani mavazi magumu ya kukinga mwili, ngao mkononi, mnapigana kweli kweli na hakuna aliyepangiwa kushinda, ila upanga wenyewe ni fimbo nene ya henzerani iliyozungushiwa tepu. Ndiyo, henzerani ileile ya viti vya bibi na bakora ya mwalimu wa hesabu.

Sasa swali langu. Kwenye huu mchezo anayeamua kama pigo limeingia ni yule ALIYEPIGWA. Marshali wapo uwanjani ila wao kazi yao usalama, akiona helmeti imefunguka au mtu kaumia anapiga ukelele "hold" wote mnaganda. Mambo ya nani kafa hayamhusu. Ukipigwa kichwani au kiwiliwili kwa nguvu ya kutosha unasema mwenyewe "good" unajiangusha. Ukipigwa mkono unauficha mgongoni unaendelea na mmoja. Paja, unapiga magoti unapigania hapohapo chini.

Shida ni kwamba mimi sisikii kitu. Jumatano nilipangwa na jamaa wa mkanda mweupe, hao ndo manaiti wao, wakubwa wenyewe. Kanipiga mara ya kwanza nikaona mbona kama kanigusa, nikaendelea. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu akarudi nyuma hatua moja akanisubiri, mimi nikamrukia nikampiga bega akasema "good" akalala chini palepale, kastaarabika kabisa. Akanyanyuka, akavua helmeti, akaniangalia, akaenda kunywa maji. Baadaye mshkaji ananiambia bwana wewe wanakuita kifaru. Nikacheka, nikajua nasifiwa, si kwetu kifaru ni kile cha jeshi, kinapita ukuta. Kumbe wanamaanisha mnyama, ngozi nene, yaani mtu anapigwa na anajua kapigwa halafu anapiga kimya. Kwa lugha nyingine mwizi.

Imeniuma jamani, mimi sijamuibia mtu. Na Agosti kuna Pennsic, vita vikubwa kule Pennsylvania, wanapiga kambi watu zaidi ya 10,000, na huwezi kuingia uwanjani kama marshali hawajakupima wakakupitisha. Mmoja kashaniambia hanipitishi mpaka nijifunze kufa. Wenye uzoefu mnajuaje?

babu_ngao
Karibu kwenye chama mdogo wangu. Niko Texas, nimepigwa henzerani miaka kumi na kidogo, na hata mimi mwaka wa kwanza niliitwa hivyohivyo kwahiyo punguza presha.

Kwanza elewa unachotakiwa kufikiria. Deraya uliyovaa HAIHESABIWI. Hata uvae chuma mwili mzima kama trekta, sheria inakuchukulia umevaa kitu kimoja sawa na wote: shati la pete za chuma la mikono mifupi lililofika magotini, chini yake koti lililotiwa pamba, ngozi ngumu mikononi na miguuni, na kofia ya chuma iliyo wazi usoni yenye kipande cha kulinda pua. Swali unalojiuliza ni je huu upanga ungekuwa wa chuma chenye makali, ungempitia mtu aliyevaa hivyo? Sio "je nimeumia". Maumivu ni kipimo kibovu, kuna pigo linauma kama nyigu lakini ni ncha tu imekukwaruza, na kuna pigo zito halikuumi ila linakusogeza.

Na angalia linakopiga. Uso unahesabiwa uko wazi, kwahiyo mkuki ukija usoni hauhitaji kukung'oa meno, ukigusa kwa kukusudiwa umekufa. Viganja kuanzia kifundo cha mkono kwenda chini hapapigwi, na mguu kuanzia inchi moja juu ya goti kwenda chini pia hapapigwi. Mtu akikupiga huko kwa bahati mbaya ataomba radhi, mnaendelea.

Sasa nikuulize, umevaa nini? Maana nina wasiwasi ni vya kuazima.

ghala_usiku
Vya kuazima babu. Kifua na mgongo ni pipa la plastiki la bluu limekatwa likapindwa kwa moto, nasikia lilikuwa la achari ya matango maana jua likiwaka bado linanuka siki. Helmeti ya chuma ya jamaa mmoja mwenye kichwa kikubwa, ndani wamejaza sponji mpaka masikio yamezama.

babu_ngao
Ahaa. Mgonjwa kapatikana. Nitarudi nikitoka kazini.

mtoto_wa_sinza
Samahanini naingilia, nimecheka mpaka konda kanigeukia. Watu wazima mmepanda ndege mkavuka bahari mkaenda kubishana "umekufa!" "sijafa!" "nimekupiga bwana!" "ilipita pembeni!" Si ndo yaleyale ya bunduki za mabua ya muhindi pale uwanja wa shule? Na kule kila mtaa ulikuwa na mmoja asiyekufaga. Wa kwetu mpaka leo hajafa, amekuwa dalali wa viwanja.

chuma_warsaw
@mtoto_wa_sinza hahaha huyo dalali ningempenda timu yangu. Ndugu ghala, achana na henzerani njoo kwenye buhurt. Niko Poland, nimekuja kusoma nikabaki. Huku tunapigana na chuma, panga na mashoka butu ila ni chuma, deraya kilo ishirini na tano mpaka thelathini na zaidi, timu tano kwa tano ndani ya uzio, na hakuna mambo ya kujihukumu. Ukigusa chini kwa kitu chochote zaidi ya nyayo zako mbili, goti, mkono, tako, umetoka. Basi. Marefa wanaona, watazamaji wanaona, mama yako akiwepo anaona. Kuchoma kwa ncha marufuku, kupiga nyuma ya goti marufuku, kinena marufuku, na mengine machache, yaliyobaki ruhusa. Deraya yako inahesabiwa kama ilivyo, ukivaa mbovu utajua mwenyewe usiku ukiwa unatafuta pa kulalia mbavu.

Mchezo wa kumwachia mtu aseme "nimekufa" mimi siuamini, binadamu tunajuana.

babu_ngao
Nimerudi. Chuma buhurt naiheshimu ila unachanganya, kwenu mnashindana nani atasimama, ni mieleka yenye mashoka. Sisi tunaigiza kwamba upanga unakata. Huwezi kumpa refa kazi hiyo, refa yuko hatua nne pembeni, ataonaje kama pigo lilikuja na makali au limelala kwa ubapa, lilipita kwanza kwenye ngao likapoteza nguvu au halikupita? Anayejua ni mmoja, yule lililomfikia. Na wengine wakikuona unayala mapigo kila wiki hawakushtaki popote, wanaacha tu kukuita mazoezini, ambayo ni mbaya zaidi.

Na pia huku mfalme anapatikana kwa mashindano ya upanga, anayeshinda ndo anavaa taji miezi kadhaa. Sasa piga picha mtu apate ufalme kwa kutokufa. Watamsema mpaka wajukuu.

Turudi kwa mgonjwa. Pipa la plastiki ni deraya nzuri kwa mfuko mwepesi, wengi tulianza nalo, lakini linabonyea linameza pigo na kulitawanya mbavu zote, kwahiyo lililotakiwa kufika kama nyundo linakufikia kama mtu kakusukuma kwenye daladala. Wewe badala ya kusubiri nyundo, hesabu ule msukumo. Halafu SIKILIZA. Henzerani iliyoingia sawasawa inalia mlio mmoja mfupi mzito, "ko!", iliyoteleza inalia kama unafagia.

Helmeti ndo kubwa. Sheria inataka chuma kisipungue milimita 1.6 na ndani pedi isipungue nusu inchi, milimita 12 hivi, wewe wamekujazia godoro. Pedi ikizidi sana helmeti inaelea, inapigwa inazunguka yenyewe kichwa kiko palepale. Na masikio yakizibwa hata huo mlio hausikii. Toa sponji ya masikioni, acha ya paji, ya utosi na ya kisogo, funga ukanda wa kidevu mpaka ukitikisa kichwa viende pamoja. Usitoe mpaka chuma kiguse fuvu lakini! Hapo utakufa kweli.

dada_shoka
Mimi niko Minnesota na ni mwanamke na ninapigana, kabla hamjauliza. Hayo ya babu yote sawa ila kusoma hakutamfundisha mtu nguvu ya pigo, fanya hivi. Nenda kwa huyohuyo wa mkanda mweupe, msalimie, mwambie bwana nahisi Jumatano nilikula mapigo yako bila kujua, naomba nisaidie kupima. Simama umevaa vyote, shusha ngao, yeye akupige begani taratibu halafu kila pigo aongeze kidogo mpaka akwambie "hili ndo good". Lirudie hilohilo mara tano. Halafu ubavuni. Halafu kwenye helmeti, huku ukitazama mbele, usifumbe macho. Mwili unakariri. Mimi nilifanyiwa hivyo na bibi mmoja wa miaka sitini na kitu, mkono mwembamba kama mwiko, pigo lake la helmeti nalisikia mpaka leo nikinywa chai.

Na ukiwa na mashaka muulize mwenzako katikati ya pambano, "lilikuwaje hilo?" Sio aibu. Mpigaji naye anahisi mkononi kama limeshika au limeteleza. Yeye hawezi kukulazimisha ila anaweza kukwambia.

Kitu kingine nakwambia kama dada, usije ukaenda upande wa pili ukaanza kufa kwa kila upepo. Kuna wanaume wakipigana na mimi wanakufa kwa kuguswa eti adabu, nikimaliza najiona nimepewa pipi. Na wapo wengine wakipigwa na mwanamke ghafla wote wanakuwa vifaru. Wote wawili wananiudhi sawa.

mkunduchi
Nimesoma huu uzi kimya ila mtoto wa Sinza usitucheke sana. Sie Makunduchi kila Julai Mwaka Kogwa wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini wanaingia uwanjani wanapigana kwa migomba, watu wazima, na hakuna anaehesabu pigo wala kusema nimekufa, unapigwa unarudishia mpaka roho itulie, wanawake pembeni wanaimba wanakutukana. Makusudi ni kutoa kinyongo cha mwaka mzima mkaanze mpya. Siku hizi utamuona mtu kavaa makoti matatu na helmeti ya bodaboda. Deraya hiyo si deraya? Na ndugu zetu wa Lamu wana kirumbizi, wanaume wawili na fimbo katikati ya duara, ngoma inapigwa. Kwahivyo mzungu hajaleta jipya, kaleta kitabu cha sheria tu.

chuma_warsaw
Migomba haina refa wala haihitaji, nimekubali, hiyo ndo ligi yangu 😂

ghala_usiku
Wakuu narudisha majibu. Jana Jumatano nilimfuata yule bwana kabla hajavaa. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, nikaishia kusema "nadhani nimekula mapigo yako". Akacheka akasema matatu, na la pili ndo lilikuwa zuri kuliko yote aliyopiga mwezi huo, akasikitika limepotea bure.

Nikamwonyesha helmeti. Akaingiza ngumi nzima kati ya shavu langu na chuma. Akatoa kisu akakata sponji za masikioni, zikatoka mbili kubwa kama maandazi, akafunga ukanda, akanipiga taratibu kama dada_shoka alivyosema. La kwanza hamna. La pili hamna. La nne nikasikia "ko!" na meno yakagongana, nikasema "good" bila kufikiria. Akasema ndo hilo, rudia. Tulipiga kama dakika ishirini hivi, bega, ubavu, helmeti, paja. Pipa nalo babu uko sahihi, lile ni la kuhesabu msukumo, nikishajua nini nasubiri nikaanza kulipata.

Baadaye tukapigana mapambano kumi. Nimekufa tisa. La kumi nilimpiga paja akapiga magoti, nikabaki nimesimama sijui nifanye nini, nikajishaua nikamsogelea, akanichoma uso kutoka kulekule chini. Nikasema "good" kabla sijaanguka. Marshali alikuwa anatazama, kasema nije na kadi yangu ya kuomba kupimwa wiki ijayo.

Swali la mwisho, henzerani huku wanauza bei ya nyama. Kuna mtu nyumbani anaweza kunitumia?

mtoto_wa_sinza
Basi mimi hapa. Unataka unene gani? Kuna fundi viti jirani yangu, ana rundo nje.

babu_ngao
Inchi moja na robo kwenda juu, sentimita 3.2, chini ya hapo hawapitishi. Na iwe imejaa, isiwe na uwazi ndani.

mtoto_wa_sinza
Nimetoka kwa fundi na rula. Nene kuliko zote ni sentimita 2.4, hiyo ni mguu wa kiti cha kubembea. Nikamwambia nataka nene ya kupigania vitani Marekani. Ameniuliza mara mbili kama niko sawa, halafu akasema atauliza Tanga. Huyo naiti wako anapigwa na fimbo ya aina gani jamani.