Tailizi za sebuleni zimenyanyuka, korido inazama, fundi anataka nibomoe nyumba nzima. Ushauri wakuu

MamaJunior_Goba

Habari za jioni wakuu, naombeni mawazo kabla sijatoa hela mfukoni. Nyumba yetu iko huku Goba, tulihamia haijaisha vizuri, si mnajua kodi ya Dar inavyouma mtu unahamia hata dari hujapiga. Sebuleni tuliweka tailizi zile kubwa 60 kwa 60 za porcelain zinazong'aa. Sasa wiki hii mchana wa jua kali tuko mezani tukasikia mlio paaa, nikajua sufuria imeanguka jikoni, kwenda kuangalia kumbe tailizi mbili katikati ya sebule zimesukumana zimeinuka zimefanya mgongo, vidole vinapita chini yake. Mvua hakuna, hakuna aliyeangusha kitu.

La pili ni korido ya kwenda chooni. Pale sakafu imeshuka, skatingi (ule mkanda wa tailizi chini ya ukuta) imebaki juu ukutani chini kuna uwazi, asubuhi mistari ya grauti (ile saruji ya kujazia kati ya tailizi) ina unyevu na hakuna aliyepiga deki. Rangi ya ukuta chini inabanduka inatoa unga mweupe. La tatu dogo, chumba cha wageni hakina tailizi, ni saruji imepigwa niru, ina vinyufa vingi vyembamba vimetapakaa na ufa mmoja mrefu umeanzia kwenye kona ya mlango.

Fundi wa kwanza kasema ng'oa zote tuanze upya nyumba nzima. Wa pili kasema anamwaga uji wa saruji chini ya zile zilizoinuka anazikandamiza na matofali juu, jioni tunatembea. Baba Junior yuko safari anasema nisubiri ila watoto wanajikwaa. Nimsikilize nani?

Kijana_wa_Tabata

Huyo wa pili mpe pole tu asirudi. Wa kwanza naye anajenga kwake kwa hela zako 😂

Mzee_Mwiko

Mama Junior pole. Wote wawili hawajapima, wamekadiria kwa macho. Hapo una magonjwa matatu tofauti na kila moja lina dawa yake, usikubali mtu akupe dawa moja ya nyumba nzima.

Anza na sebule. Chukua sarafu au mpini wa bisibisi, gonga kila tailizi katikati na kwenye kona zake nne. Iliyoshika inatoa mlio mzito mfupi, iliyoachia inalia tupu. Inayolia tupu iwekee alama ya chaki. Ukimaliza simama mlangoni uangalie ramani yako, kama alama zimekaa mstari mmoja kukatiza sebule basi tailizi zilikosa pa kupumulia, kama zimetapakaa ovyo basi fundi alikuwa anaweka madonge ya saruji kwenye kona katikati kunabaki wazi, ukidondosha mchi hapo katikati tailizi inapasuka.

Halafu ng'oa ile moja iliyoinuka (hiyo imeshakufa huna cha kupoteza) uigeuze mgongo. Hapa ndo pa kuangalia kwa makini. Ukikuta mgongo msafi, saruji yote imebaki chini na ile mistari ya mgongo wa tailizi imechapika kwenye saruji, maana yake saruji haikuishika kabisa. Porcelain hainywi maji, tunaambiwa chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo mchanga na saruji peke yake haina pa kung'ang'ania, inataka gundi ya tailizi. Zile ceramic za zamani ulikuwa unazilowesha kwenye ndoo zinakunywa zinashika, mafundi wengi wamebaki na mkono ule ule. Pia porcelain nyingi zinatoka kiwandani na unga mweupe mgongoni, usipoufuta na sponji mbichi hata gundi nzuri inashika unga haishiki tailizi. Ukikuta kinyume chake, mgongo umebeba saruji yote na chini zege lina vumbi, basi jamvi (lile zege la sakafu) halikufagiliwa wala kuloweshwa.

Kuhusu ule mlio, angalia vitu viwili. Mistari kati ya tailizi ina upana gani, na kwenye ukuta chini ya skatingi tailizi imegusa tofali au kumeachwa nafasi? Naweka dau zimebanana hadi ukutani. Jua likipiga sakafu inatanuka, haina pa kwenda, inapanda juu. Inatakiwa milimita 8 mpaka 10 pembeni mwa kuta zote, skatingi ndo inaficha, hiyo nafasi usijaze saruji. Na kati ya tailizi na tailizi angalau milimita 2 au 3, vile vimisalaba vya plastiki vinauzwa bei ya karanga sijui kwa nini watu wanavibania.

MamaJunior_Goba

Shikamoo mzee. Nimegonga, daah. Ni mstari mmoja umetoka dirisha kubwa mpaka upande wa mlango wa mbele na zingine chache pembeni yake, zilizobaki zinalia vizuri. Mgongo wa tailizi ni msafi kabisa unang'aa. Na zimebanana kweli, hata kadi ya benki haipiti kati yake. Fundi wakati ule alisema ndo urembo, isionekane mistari.

Bomba_Kigamboni

Naomba niingilie kwenye korido maana hapo ndo kuna hela yako inamwagika. Mi ni fundi bomba. Kabla ya yote funga koki zote za nyumba nenda kwenye mita angalia kile kigurudumu kidogo chenye rangi katikati. Kikizunguka hata polepole wakati hakuna anayetumia maji una bomba linavuja. Ila sasa hapa mjini wengi wetu nyumba inakula maji ya tanki la juu, mita inajaza tanki tu, kwa hiyo mita itakudanganya. Kama ni hivo jioni funga maji yanayoingia kwenye tanki, weka alama ya peni pale maji yalipofika, asubuhi kabla mtu hajafungua koki uangalie tena. Maji yameshuka? basi yako chini ya miguu yenu. Kwanza hakikisha kile kifaa cha kujaza tanki dogo la choo hakivuji maana nacho kitashusha tanki uje unilaumu.

Kama tanki halijashuka usishangilie, bado kuna bomba la maji machafu, lile halina presha kwa hiyo mita hailijui. Ziba tundu la kuogea na kitambaa ndani ya nailoni, jaza maji bafuni vidole viwili, acha masaa kadhaa. Yakipungua sana basi ni sakafu ya bafu yenyewe au maungio ya tundu. Yakikaa, toa kitambaa yaende yote kwa mkupuo, kisha kaangalie korido. Korido ikilowa baada ya kuachia ni bomba la kutolea.

Mzee_Mwiko

Marahaba Mama Junior. Urembo wa kubana ndo huo umekupasukia mezani. Sebule usibomoe yote. Ng'oa ule mstari na zile chache zinazolia tupu, zilizoshika ziache. Kata grauti kwanza na grainda yenye diski nyembamba ndo uingize tindo, ukianza na nyundo utapasua na za jirani. NA ZIMA UMEME WA NYUMBA KWENYE MENI SWICHI kabla ya grainda (yenyewe itumie jenereta au umeme wa nje ya nyumba), siku hizi kuna watu wanapitisha waya chini ya sakafu. Saruji iliyobaki ichonge ishuke kama milimita 5 au 6 ipishe gundi, fagia, futa na kitambaa kibichi. Gundi paka chini na mwiko wa meno na paka nyembamba mgongoni mwa tailizi, gandamiza, pima na pimamaji. Ule mstari uache ndo uwe nafasi ya tailizi kupumua, badala ya grauti weka silikoni ya rangi inayofanana. Na pembeni mwa kuta toa skatingi kata tailizi upate ile nafasi, hii kazi inaumiza mgongo fundi atakuambia haina haja, ina haja. Usitembee siku nzima ndo upige grauti.

Uji wa saruji chini ya tailizi iliyoinuka hausaidii. Tailizi imeinuka kwa sababu nafasi haipo, ukiikandamiza na tofali jirani yake ndo itainuka, na uji wenyewe hauingii mpaka mwisho.

Kijana_wa_Tabata

Mzee mbona kuna watu wanatoboa kwenye grauti wanapiga sindano ya gundi na inakaa, nimeona kwa macho yangu ofisini kwetu

Mzee_Mwiko

Inakaa kwa tailizi moja moja inayolia tupu ila iko palepale sawa na jirani zake, haijainuka wala kupasuka. Hapo sikatai. Kwa mstari mzima ulioinuana hapana.

MamaJunior_Goba

Nimerudi wakuu. Sisi tunatumia tanki. Nimefanya alivyosema Bomba, tanki halikushuka, nikajaza bafu. Maji yalikaa tu, nikachomoa kitambaa yakaenda, baada ya muda mistari ya grauti karibu na mlango wa bafu ikaanza kuwa myeusi taratibu. Nikaweka kiganja, unyevu. Kwa hiyo ni bomba la kutolea?

Bomba_Kigamboni

Ndio dada, mara nyingi ni pale tundu la chini linapoungana na bomba la kwenda chemba, fundi alichomeka bila gundi au aliweka kiungo kifupi, na sakafu iliposhuka ikalivuta. Usianze kubomoa korido, fungua bafuni kuzunguka lile tundu kwanza ndo utaliona. Kaangalie na chemba nje, kama maji yanafika kidogo kuliko uliyomwaga umepata jibu.

Mzee_Mwiko

Naongezea. Maji peke yake hayazamishi sakafu iliyoshindiliwa vizuri. Korido yako naona ilijazwa mchanga mkavu au kifusi cha ujenzi wakamwaga jamvi juu, maji ya bafu yakaja kuukalisha. Ukuta haujashuka kwa sababu umekaa kwenye msingi wake, sakafu imekaa kwenye kifusi, ndo maana skatingi imebaki juu. Mama, kuta za korido zina ufa wowote wa kukata mshazari au mlango umeanza kukwama? Kama upo usisikilize mtu wa mtandaoni, mwite injinia aone msingi. Kama haupo ni sakafu tu.

Dawa: bomba lirekebishwe, pakauke. Kata na grainda pembeni, vunja jamvi la korido peke yake, toa kile kilicholegea mpaka ukute udongo mgumu. Jaza moramu (ule udongo wa changarawe) tabaka moja moja la sentimita 15, nyunyiza maji kidogo, shindilia, halafu nyingine. Mtu akimwaga toroli zote mara moja na kuzirukia na buti mfukuze. Nailoni nzito nyeusi ile ya geji 1000 ipande kidogo ukutani, wavu wa chuma wa BRC, zege sentimita 10, ndoo 1 ya saruji 2 za mchanga 4 za kokoto. Mwagilia siku 7. Tailizi subiri kama siku 28 zege likauke, weka mkeka watoto wapite.

Ule unga mweupe ni chumvi inabebwa na maji yanapanda ukutani yanakauka inabaki. Usipake rangi sasa hivi utaipaka tena. Maji yakikatika, kwangua plasta iliyolainika, acha ukuta upumue, ndo upige plasta mpya. Na mchanga ununue wa mto, ukiletewa mweupe mlaini una vipande vya makombe urudishe na gari lake, huo ni wa baharini una chumvi yake ndani.

Chumba cha wageni ni kazi ndogo. Vile vinyufa vyembamba ni niru ilikauka haraka au fundi alinyunyiza saruji kavu juu kufyonza maji, havina hatari, ni sura tu. Ule mrefu wa kona ya mlango pitisha ukucha. Pande zote mbili ziko sawa? basi ni zege lilivyojikunja likikauka, na kona ndo hupasuka kwanza. Chonga umbo la V, toa vumbi, lowesha, paka uji wa saruji, jaza saruji 1 kwa mchanga 3 kabla ule uji haujakauka. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine niambie.

MamaJunior_Goba

Ukucha umepita bila kukwama, na kuta za korido hazina ufa, milango inafunga vizuri. Asante sana mzee, asante Bomba. Tatizo limebaki moja, nimezunguka Kariakoo na picha ya tailizi ya sebuleni naambiwa hazipo tena, zilizopo zinafanana ila rangi imepishana kidogo na ukubwa naona una tofauti.

Fundi_Mlandege

Dada hata ungezipata jina lile lile bado ungeangalia namba ya toleo kwenye boksi, kila mchomo wa kiwandani una rangi yake na vipimo vinapishana milimita. Fanya hivi: sebuleni chini ya sofa kubwa au ile kabati ya tivi isiyohama, gonga zinazolia vizuri... hapana hizo zitapasuka kuzing'oa. Gonga tafuta zile zinazolia tupu zilizofichika, hizo zinatoka nzima kiulaini, zihamishie pale katikati panapoonekana. Mpya zenye rangi iliyopishana ziende chini ya kabati. Ukikosa za kutosha basi ule mstari wote kutoka dirishani mpaka mlangoni weka rangi tofauti kabisa, nyeusi au ya kijivu, wageni watajua ndo ramani ya mchoraji.

Kijana_wa_Tabata

Na ukinunua chukua boksi moja la ziada uweke stoo, usimwazime jirani

MamaJunior_Goba

😂😂 Chini ya kabati ya tivi zipo 3 zinalia tupu! Fundi bomba anakuja Jumamosi kufungua bafu, nitawapa mrejesho na picha.