Gemu la vita kwa washikaji wanane: la papo kwa papo au la zamu?

Mwana_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Tuko wanane, tulisoma pamoja sekondari hapa Mbeya, sasa tumesambaa. Watatu tupo jijini, wawili Iringa, mmoja Makambako, mmoja Tukuyu, na mmoja kapangiwa ualimu ndanindani huko Ludewa. Tunataka gemu la vita la kutumia akili, si la kurushiana risasi tu.

Jumamosi tulijaribu 0 A.D., gemu la bure la kompyuta la papo kwa papo, yaani wote mnacheza kwa wakati mmoja bila kusubiriana zamu. Tulikubaliana saa tatu usiku. Saa tatu na nusu wa Tukuyu umeme ukakatika. Mwalimu wa Ludewa hadi saa nne bado "anaunganisha". Tukaanza watano, na kompyuta ya mmoja wetu yenye RAM ya GB 4 ikatuburuza wote kama lori lenye mzigo linapanda Kitonga. Saa sita tukalala bila mshindi, na wawili wamenuniana hadi leo.

Tuna laptopu tano, simu za Android wote. Bajeti sifuri. Nimesikia Age of Empires, Wesnoth, Freeciv, Diplomacy, Clash of Clans. Waliowahi kuratibu hivi vitu, mnasemaje?

Kamwene_Kihesa
Kamwene mkuu. Mlivyoburuzwa si ajabu, gemu lenyewe ndivyo lilivyoundwa. Kwenye 0 A.D. kila kompyuta inajipigia hesabu ya vita nzima yenyewe; kinachosafiri mtandaoni ni amri tu: huyu kakata mti, yule kashambulia. Ndiyo maana bando haliliwi sana, lakini wote lazima mtembee hatua moja. Mashine dhaifu ikichelewa, wote mnasubiri. Shusheni kikomo cha watu hadi 100 kwa kila mchezaji na mchague ramani ndogo, mtaona tofauti.

Pia hakikisheni wote mna toleo lile lile. Faili ni zaidi ya GB moja, kwa hiyo mmoja apakue halafu walio karibu wapeane kwa flashi. Na aliyefungua mchezo alikuwa anatumia nini?

Mwana_Uyole
Hotspoti ya simu yangu.

Kamwene_Kihesa
Basi tatizo la mwalimu labda hata si Ludewa. Mitandao ya simu mara nyingi inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo mtu wa mbali akibisha hodi kwako hafiki. Lobi ya gemu, ule ukumbi wa mtandaoni wa kukutanishia wachezaji, inajaribu kutoboa njia, mara inafaulu, mara inagoma. Afungue mwenye intaneti ya waya, na kwenye ruta afungue poti 20595 ya UDP, ndio mlango ambao gemu linapitia.

Parachichi_Njombe
Age of Empires II iondoeni kwenye orodha kama bajeti ni sifuri. Ni gemu zuri, lilitoka 1999, likafanyiwa ukarabati mkubwa 2019 na bado lina watu, ila linauzwa.

Sisi tulikuwa wanne tukacheza Wesnoth msimu mzima wa baridi. Ni la bure, la zamu, na linakubali hata laptopu iliyochoka. Nililipenda kwa sababu ardhi ina maana: aliye mlimani au kijijini ni mgumu kupigwa kuliko aliye uwandani, na kuna majeshi yanayopata nguvu mchana na mengine usiku, kwa hiyo unapanga shambulio kwa saa. Umeme ukikatika mnahifadhi mchezo, mnaendelea kesho. Kasoro yake ni kwamba bado lazima wote muwe hewani muda mmoja. Wanne tuliweza. Wanane? Mtu wa nane atakuwa ameshalala zamu yake ikifika.

Freeciv nalo ni la bure, na yapo mashindano yake ya zamu moja kwa siku. Lakini linataka uvumilivu wa mkulima wa chai, tulianza saba tukamaliza wawili.

Jenerali_Mafinga
Haya ya zamu ni ya wazee. Vita ni papo kwa papo! Wahehe walipopigana na Wajerumani pale Lugalo 1891 wangesubiri zamu, tungekuwa tunaongea habari nyingine leo. Chukueni Clash of Clans, kila mtu ana simu, mambo yamekwisha.

Parachichi_Njombe
Jenerali, pale Lugalo watu walikaa kimya kwenye majani kumsubiri adui apite. Hiyo ndiyo zamu yenyewe. Na Clash of Clans mnaungana ukoo mmoja kupigana na watu msiowajua. Hawa wanataka kupigana wao kwa wao.

Mzee_wa_Drafti
Niingilie hapa. Mwana Uyole, umeuliza gemu gani, ila kinachowasumbua ni saa. Mtu wa Tukuyu na wa Ludewa hamtawapata pamoja saa tatu usiku hata mkihamia gemu la dhahabu.

Mimi nimesimamia Diplomacy, gemu la ubaoni la ramani, mara mbili na wafanyakazi wenzangu. Lilitengenezwa na Mmarekani Allan Calhamer, likaanza kuuzwa 1959, na tangu 1963 watu walikuwa wanalicheza kwa barua za posta. Kama lilivumilia posta, litavumilia mtandao wa Ludewa.

Ramani ni Ulaya ya mwaka 1901. Nchi ni saba: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria-Hungaria, Urusi na Uturuki. Kila moja inaanza na majeshi matatu, Urusi manne. Hakuna dadu hata moja. Vituo vya kugombea ni 34, anayefikisha 18 kashinda. Wote mnaandika amri kwa siri na zinafunguliwa kwa mpigo. Wawili wakigombea sehemu moja kwa nguvu sawa, hakuna anayeingia. Kwa hiyo peke yako huendi popote, unahitaji jirani akuunge mkono: "Jeshi la Munich lisaidie Berlin kwenda Silesia." Jirani kakuahidi jana kwenye simu. Je, kaandika kweli? Hapo ndipo gemu lilipo, na hapo ndipo usingizi unapokatika.

Ipo tovuti ya bure, webDiplomacy, inahukumu yenyewe na mnachagua muda wa kila raundi. Mimi lakini nilitumia WhatsApp: kila mtu ananitumia amri faraghani, nazifungua zote kwa pamoja, napiga picha ya ramani naweka kwenye grupu. Bando lake ni la kupeleka salamu.

Wekeni saa 48 kila raundi. Asiyetuma amri, majeshi yake yanakaa palepale, hakuna kusubiriana wala kuomba radhi. Hili likubalieni kabla ya kuanza, maana mara ya kwanza sikuliweka na tukafa raundi ya tatu.

Jenerali_Mafinga
Hilo gemu nalijua. Linavunja urafiki. Shemeji yangu alinigeuka nikiwa Ufaransa, hadi leo nikimwona namhesabia vidole.

Mzee_wa_Drafti
Ndiyo maana msimamizi awe mtu asiye na ubia na yeyote. Nao wako wanane, nchi saba. Wa nane huyo hapo.

Kamwene_Kihesa
Nakubaliana na mzee, ila msilitupe 0 A.D. Desemba mkirudi nyumbani, unganisheni laptopu kwenye ruta moja sebuleni. Hapo hakuna bando, hakuna poti, na yule wa RAM ndogo mnamwazima mashine.

Mwana_Uyole
Mrejesho. Nimewapelekea wenzangu, sita wamekubali papo hapo. Mwalimu kajitolea kuwa msimamizi: anasema mtandao anaupata akipanda kilimani jioni, kwa hiyo amri zote ziwe zimefika kabla ya saa kumi na mbili, anafungua akiwa hukohuko juu. 0 A.D. tumeipeleka Krismasi, kwetu Uyole. Nchi tumepigia kura ya karatasi, mimi nimeangukia Austria.

Mzee_wa_Drafti
Pole. Umezungukwa pande zote. Italia kachukua nani?

Mwana_Uyole
Mmoja wa wale walionuniana Jumamosi. Aliyeninunia mimi.

Mzee_wa_Drafti
Mpigie simu leo hii, kabla Uturuki hajampigia.