Yah: "A bit" ya Waingereza ni kidogo kiasi gani?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nina miezi mitatu tu Uingereza. Juzi msimamizi wangu kasoma ripoti yangu, akasema ni "quite good", ila ukurasa wa pili una "a bit of a problem". Nikafurahi, nikarekebisha koma mbili, nikairudisha. Leo kaniita: kumbe alitaka ukurasa wote niuandike upya! Sasa kidogo yao ndiyo ipi?
– Mgeni wa Leeds

Marahaba mwanangu, pole. Hapo hukusifiwa, ulivumiliwa. "Quite good" ya Mwingereza mara nyingi ni "nzuri kiasi", yaani inapita lakini hajaridhika. Ukiisikia kwa Mmarekani, huyo kakusifu kweli. Tena hilo "quite" likitangulia neno lisilopimika, yaani lisilo na zaidi wala pungufu, maana yake inageuka: "quite impossible" ni haiwezekani kabisa.

"A bit" nayo hupenda kukaa na kasoro: "a bit late", "a bit noisy". Mtu hamsifu mchumba wake kwa "a bit beautiful", labda anataka kuachwa. Na kasoro yenyewe huwa kubwa kuliko neno. Mwaka 1982 ndege ya British Airways iliingia kwenye majivu ya volkano huko Java, injini zote nne zikazimika. Rubani, Eric Moody, akawatangazia abiria kwamba kuna "a small problem". (Walitua salama Jakarta.)

Chunga pia ile "a" ya mbele. "We have a little time" ni muda upo kidogo. "We have little time" ni muda karibu umekwisha, kimbia.
– Bi Mkubwa, Reading

Shikamoo Bi Mkubwa. Naongezea la hospitali. Sisi husema "naumwa kidogo" kwa adabu hata tukiwa tumejikunja. Hiyo msiitafsiri! Nilimwambia nesi "a little pain" huku nimeegemea ukuta, naye akaandika hivyo hivyo, nikasubirishwa mpaka nikakoma. Wakikuuliza maumivu kutoka 0 hadi 10, na kwako ni 8, sema 8. Usipunguze kwa heshima.
– Kaka wa zamu ya usiku

Nashukuru sana. Na hii "-ish"? Jirani kanialika "sixish".
– Mgeni

Hiyo ni kama sisi tunavyorudia neno kulipunguza makali: majimaji, baridi baridi. "Greenish" ni kijani-kijani. "Sixish" ni saa kumi na mbili hivi. Ukichelewa dakika kumi hanuni mtu, ukichelewa saa nzima umeharibu.
– Bi Mkubwa

Asante Bi. Ripoti nimeiandika upya. Msimamizi kaisoma yote, kavua miwani, kasema "not bad". Nifurahi au nianze tena?
– Mgeni

Furahi mwanangu. Tena sana.
– Bi Mkubwa