Taipureta ndogo ya kubeba kwa begi, nichukue ama niachane nayo?

mtoro_wa_simu (Nakuru)

Wasee habari zenu, niko Nakuru upande wa Kiamunyi na nina swali, msinicheke. Nimekuwa nikiandika hadithi za Kiswahili kwa simu karibu miaka miwili na ukweli ni kwamba siandiki, nafungua simu nimalize para moja, nikishtuka ni saa nzima imeisha naangalia mtu akipika chapati. Laptop iko lakini betri ilikufa, stima ikipotea na kazi inaenda nayo.

Sasa wiki jana nimepita kwa jamaa mmoja hapa tao anauza vitu vya zamani, redio za mbao, pasi za makaa, nikaona taipureta ndani ya kibegi chake cha zipu, imeandikwa Olivetti Lettera 22. Nikaiinua na mkono mmoja nikashangaa, manake mimi taipureta nilikuwa najua yale madude ya ofisi ya chifu, ukiyasukuma ni meza inasonga. Anataka 8,000. Nikamwambia 4,000 akaniangalia kama nimemtukana mamake.

Shida: riboni, ule utepe wa wino, imekauka kabisa, na herufi a ukiigonga inapanda inakaa huko huko juu mpaka uishushe na kidole. Zingine ziko sawa. Ako na Olympia ingine kubwa ya mezani 3,000 inafanya kazi yote, lakini hiyo siwezi panda nayo matatu. Nifanyeje? Na riboni bado zinauzwa kweli?

katibu_mstaafu (Kisumu)

Mwanangu sijakucheka. Mimi nilipiga taipu zaidi ya miaka 20 kwa ofisi hapa Kisumu. Mtihani wa taipu wa Pitman niliufanya na mashine ambayo haina namba moja kabisa, kwa hivyo ukiitafuta kwa hiyo yako uikose usidhani imeng'oka, unaweka l ndogo basi. Alama ya mshangao nayo ikikosekana unapiga ile koma ya juu, unarudi nyuma nafasi moja, unapiga nukta chini yake. Tulikuwa tunafanya hivyo bila hata kuangalia.

Sasa hiyo a. Hata bila kuiona nakwambia si ajali kuwa ni a. Hesabu tu hapo kwa swali lako umeandika a ngapi. Kiswahili kinakula a kuliko herufi ingine yoyote na inapigwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kale kadogo kasikokuwa na nguvu. Barua za Kiingereza zilikuwa zinatupita haraka, lakini ukipewa ripoti ya Kiswahili kurasa kumi, jioni unanyoosha hicho kidole kama umetoka kukamua. Halafu ng'. Kwa mashine nyingi hiyo koma ya juu imewekwa juu ya 8, lazima ushike shift kwanza. Andika ng'ombe kumi uone, utachoka ni kama umewachunga.

Kitu ingine, usikandamize kama unabonyeza simu. Gonga uachilie, kama unagusa sufuria iliyo motoni. Ukikandamiza herufi inatoka na kivuli na mikono ya herufi inapandana. Na weka karatasi mbili, ya kuandikia na ingine nyuma yake, usiumize rola.

fundi_cherehani (Kakamega)

Naongezea hapo kwa mama. Kazi yangu ni cherehani lakini taipureta naletewa kama tatu kwa mwaka, na karibu zote ugonjwa ni mmoja, mtu alizimwagia mafuta. Anaona herufi inakwama, anachukua mafuta ya cherehani ama ile dawa ya kupuliza ya kufungua nati zenye kutu, inafanya kazi wiki moja anafurahi, halafu mafuta yanashika vumbi yanakuwa utomvu. Sasa a inakwama na s na d pia.

Fungua kifuniko cha juu, utaona nusu duara ya chuma iko na mifereji mingi myembamba, kila mkono wa herufi umelala kwa mfereji wake. Uchafu uko hapo. Nenda hardware uombe tapentaini, ile ya kulainisha rangi ya mafuta, chupa ndogo tu. Usikubali thina ya rangi ya magari, hiyo itakutolea rangi ya mashine na ikigusa plastiki inaiyeyusha. Toa riboni kwanza, weka kitambaa, chovya mswaki wa zamani, sugua ule mfereji wa a ukiwa unapandisha na kushusha mkono wake, mara thelathini, arobaini, pangusa, rudia. Maji meusi yatatoka, usiogope. Fanyia nje, mbali na jiko tafadhali. Ikikauka usiweke mafuta hapo tena. Kavu hivyo hivyo.

Kabla hujalipa, enda na karatasi yako. Piga herufi zote ndogo halafu kubwa, angalia kama zimesimama mstari mmoja. Sikiza kengele ikikaribia mwisho. Bonyeza rola na ukucha, ikiwa ngumu kama jiwe bado itaandika lakini kelele utaisikia. Kerieji, ile sehemu inayobeba karatasi, ikikataa kusonga usikimbilie kusema imekufa, tafuta kwanza kifungio cha safari, kuna watu wamenibebea mashine kutoka Mumias nikasukuma kidude kimoja nikawarudishia. Ikiwa si hicho basi ni ule uzi unaovuta kerieji umekatika, mimi hurudishia uzi wa kuvulia samaki na unakaa miaka.

Bei: hiyo a ndio silaha yako. Mwonyeshe ikikwama, nyamaza, mwache aongee yeye. Isipite 5,000 hivi. Olympia ya mezani ni mashine nzuri kuliko hiyo, nasema ukweli, nyepesi hutembea mezani ukiipiga. Lakini kama ni ya matatu, chukua ndogo.

jamaa_wa_kondele

Mimi nawaambia kitu kimoja tu, ANGALIA MPANGILIO WA HERUFI. Mimi niliona picha mtandaoni, Hermes Baby, ile ya Uswisi, kilo tatu na kitu, safi inang'aa, nikatuma pesa bila kuuliza. Ikaja na matatu nikaifungua kwa furaha nikaandika mama, ikatoka ,q,q. Nikaandika baba ikatoka bqbq. Nilikaa kama dakika tano nikidhani nimerogwa. Kumbe ni ya Kifaransa, a imekaa mahali pa q na m imehamia upande wa l, na namba zote mpaka ushike shift. Za Italia nazo ziko na mpangilio wao, z inakaa mahali pa w, na Lettera ni ya Italia kwa hivyo chunga. Muuzaji nikimpigia anasema "si inaandika?"

Nimezoea sasa lakini nikirudi kwa kompyuta ndio naandika upuzi.

msomaji_kimya

Kuhusu kusafisha, Cormac McCarthy yule mwandishi wa Marekani alitumia Lettera 32, ndugu mdogo wa hiyo yako, alinunua dola 50 mwaka 1963, na alisema usafi wake wote ulikuwa kupuliza vumbi na mpira wa hewa wa petrol station. 2009 ikauzwa mnada wa Christie's dola 254,500. Kwa hivyo 8,000 si mbaya 😂

fundi_cherehani (Kakamega)

Hewa ni sawa lakini mwambie kijana wa pampu apunguze presha, na toa riboni jamani.

mtoro_wa_simu (Nakuru)

Nimerudi. Nilienda na karatasi yangu nikafanya vile fundi alisema, nikaonyesha a, nikanyamaza. Kunyamaza ndio kazi ngumu. Tumeachana kwa 5,500. Herufi ziko kawaida, q kwa q, namba moja haina kweli, mama ungekuwa hapa ungeniona nikicheka peke yangu.

Tapentaini imefanya kazi mara ya tatu, mara ya kwanza na ya pili a ilikuwa inashuka polepole kama mzee wa ngazi. Riboni nilipata stationery moja huku, ile ya upana wa nusu inchi, lakini kibingirishi chake hakikuingia, nikaikunjua yote nikaizungusha kwa vile vya chuma vya zamani na mkono. Msitupe vile vya zamani! Vidole vilikuwa vyeusi mpaka nikakula ugali na kijiko.

Nimeipima kwa mizani ya muuza nyama, 3.7 bila kibegi. Kwa matatu makanga ameniuliza kama ni kodiani. Ya ajabu ni kelele, naishi ploti ya vyumba vya mabati na saa nne usiku jirani akagonga akauliza ni nini nagongelea ukutani, sasa nimeweka taulo imekunjwa mara nne chini yake na pia imeacha kutembea mezani.

Kurasa sita kwa siku tatu, sijawahi. Lakini mama hicho kidole kidogo kinaniuma vile ulisema, nyinyi mlikuwa mnakifanyia nini?

katibu_mstaafu (Kisumu)

Kata kucha kwanza, ikigusa kabla ya kidole unapoteza nguvu yote. Inua kiti pia, kiwiko kisiwe chini ya mashine. Halafu weka hapa picha ya ukurasa mmoja nione kama hizo a zinatoka nyeusi sawa na wenzake.