Maharage yanabunguliwa ndani ya nyumba: niyahifadhi vipi bila kuhatarisha watoto?

Mama wa Bweyogerere

Salamu kwenu nyote. Nyumbani kwangu tuko watu saba, nasi hula maharage karibu kila siku, iwe kwa posho, kwa wali au kwa matoke. Kununua kilo moja moja dukani kumenichosha, kwa sababu bei hupanda kadiri mavuno yanavyozidi kuwa nyuma yetu. Kwa hiyo tangu mwaka jana nimekuwa nikiagiza gunia zima la kilo 100 kutoka upande wa Bweyale mara watu wanapovuna, pamoja na gunia la mahindi ambayo huyapeleka mashineni kidogo kidogo. Tukipika kilo moja kwa siku, gunia la maharage lingetufikisha zaidi ya miezi mitatu.

Shida ni kwamba halifiki huko. Msimu uliopita gunia lilionekana zima mwezi wote wa kwanza, lakini katika wiki ya sita nilipomimina maharage kwenye ungo nilikuta vumbi jeupe limetangulia kuanguka, na punje nyingi zina tundu la duara, safi kana kwamba limetobolewa kwa msumari. Nilipepeta, nikaloweka, na zilizobunguliwa zikaelea juu ya maji. Nilimwaga karibu nusu debe, na watoto wakakataa kula hata yale yaliyosalia, nami sikuwalaumu.

Gunia jipya limefika juzi. Muuzaji mmoja sokoni alinipa vidonge vitatu vilivyofungwa kwenye karatasi, akaniambia nivitie ndani ya gunia na kulifunga. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili, na magunia hukaa kwenye kona ya chumba wanacholala watoto. Vidonge bado viko juu ya kabati. Je, nivitumie? Na kama havifai, mtu asiye na stoo afanye nini?

Muuguzi wa Mbale

Mama, kabla ya jambo lolote, vitoe vidonge hivyo nje ya nyumba sasa hivi, fungua madirisha, kisha urudi usome yaliyobaki.

Vidonge vinavyouzwa masokoni kwa ajili ya nafaka kwa kawaida huwa ni alumini fosfaidi. Vikikutana na unyevu, hata ule mdogo ulio hewani, hutoa gesi iitwayo fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua wadudu. Haichagui kati ya mdudu na mtoto. Hupenya katika nyuzi za gunia, hupita chini ya mlango na katika mianya ya dari, na katika chumba kilichofungwa usiku huwafikia waliolala. Wako wanaoinusa kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini mtu anaweza kudhurika bila kunusa chochote. Dawa hii hutengenezwa ikae katika chombo kilichozibwa kabisa hadi saa ya kutumiwa na mtu aliyefunzwa, tena mahali wasipolala watu wala mifugo. Ikiwa kwenye karatasi tu, basi imeshaanza kutoa gesi juu ya kabati lako.

Usivimwagie maji ukidhani unaviharibu, wala usivitupe chooni, kwa sababu maji huzidisha gesi. Vishike kwa glavu kavu, uviweke nje mahali pakavu penye hewa ya kutosha, mbali na watoto na kuku, kisha umwulize afisa kilimo wa eneo lenu namna ya kuvikabidhi. Iwapo mtu yeyote nyumbani ameanza kuumwa kichwa, kutapika, kubanwa kifua au kuhema kwa shida, msingoje asubuhi. Mtoeni kwenye hewa safi na mmpeleke hospitali, na mseme waziwazi kwamba kulikuwa na vidonge vya nafaka, kwa sababu hakuna dawa ya kuipindua sumu hii na daktari hutegemea kumsaidia mgonjwa mapema.

Nimekaa wodi ya watoto miaka mingi. Familia niliyoipokea usiku mmoja haikuwa na uzembe wowote. Mama alikuwa amefanya kile kile alichoelekezwa na muuzaji.

Mkulima wa Kigumba

Ninaunga mkono kila neno la muuguzi, na naomba niongeze upande wa shamba, kwa kuwa ukielewa mdudu huyu anaingiaje utaona kwamba nyumba ya kawaida haihitaji sumu hiyo.

Mama, mdudu wako hakuzaliwa Bweyogerere. Hutaga mayai kwenye maganda ya maharage yanapoanza kukauka shambani, na baadaye hutaga katikati ya punje zilizohifadhiwa. Funza akianguliwa hutoboa punje, akaingia, akala humo humo mpaka akawa mdudu kamili. Kabla ya kutoka huacha ngozi nyembamba ya punje ikifunika njia yake kama kidirisha cha duara. Chukua kiganja cha maharage, uyapeleke penye mwanga na kuyageuza moja moja. Ukiona kiduara chenye kivuli chini ya ngozi ambayo bado haijatoboka, ujue wamo. Kizazi kimoja huchukua yapata wiki nne hadi sita, na ndiyo maana gunia lako lilikudanganya mwezi wa kwanza.

Jambo la kwanza ni ukavu. Sisi tunaovuna Juni na Julai mara nyingi tunaanika huku manyunyu yakiturudia, na wanunuzi wanatuharakisha, hivyo gunia hupakiwa likiwa bado na unyevu. Mahindi ya kuhifadhiwa yanapaswa kushuka hadi asilimia 13 hivi ya unyevu. Huna kipimo, lakini una chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko, utie chumvi kavu vijiko viwili vitatu na mahindi hadi robo ya chupa, uzibe, utikise kwa dakika moja, kisha uiache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, mahindi yamezidi asilimia 15 na lazima yarudi juani. Ikianguka yote chini, umevuka hapo, lakini ongeza siku moja ya jua ili uwe na uhakika. Kwa maharage mimi huuma tu: punje iliyokauka hupasuka kwa mlio, ambayo haijakauka hubonyea na kubaki na alama ya jino.

Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu mahindi na karanga zenye unyevu huota kuvu, na kuvu wengine hutoa aflatoksini, ambayo huharibu ini na huweza kuleta saratani yake. Kupika hakuiondoi. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizosinyaa zichambuliwe na kutupwa, wala wasipewe kuku, maana wao pia hudhurika.

Jambo la pili ni hewa. Mdudu anapumua kama sisi, na akikosa hewa huacha kula, huacha kuzaa, hatimaye hufa. Mifuko ya PICS imejengwa juu ya wazo hilo hilo. Ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliokuwa wakifanya kazi na wakulima wa kunde nchini Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, na hapa kwetu hupatikana katika maduka ya pembejeo. Ni mifuko miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, ndani ya gunia la kawaida. Jaza, kandamiza hewa itoke, usokote mdomo wa mfuko wa ndani kabisa, uukunje na kuufunga kwa kamba, kisha ufanye vivyo hivyo kwa wa pili na kwa gunia. Kila mara unapofungua unawarudishia hewa, kwa hiyo ni bora kununua miwili ya kilo 50 kuliko mmoja wa kilo 100, mmoja ule na mwingine usiuguse. Iweke juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, kwa sababu sementi hupitisha unyevu, na uangalie panya, kwani tundu moja la jino lake huharibu kazi yote.

Mama wa Bweyogerere

Nawashukuru kutoka moyoni. Vidonge vimetoka jana hiyo hiyo, na watoto walilala sebuleni madirisha yakiwa wazi. Wote ni wazima.

Nimefanya jaribio la chumvi. Imenata kwenye chupa kama umande kwenye kioo, na hata nilipoipigapiga haikushuka, kumbe nimekuwa nikihifadhi mahindi mabichi muda wote. Maharage yanapasuka vizuri nikiyauma, lakini nimeviona vidirisha, si vingi, labda punje moja kila kiganja. Ada za shule zimeniacha mkono mtupu kwa wiki hizi mbili, hivyo mifuko nitanunua baadaye. Nina jerikeni saba za lita 20 zilizokuwa na mafuta ya kupikia. Je, zinaweza kusaidia?

Mwalimu Mstaafu, Kasese

Zinasaidia sana, mwanangu, nami ndizo nilizotumia kulea familia yangu. Jerikeni moja hubeba takriban kilo 15 za maharage, kwa hiyo saba zitakuchukulia gunia lako lote.

Anza na jua, kwa sababu wamo tayari ndani ya punje. Siku isiyo na mawingu, tandaza turubai jeusi, umwage maharage yawe tabaka jembamba la unene wa vidole viwili, kisha uyafunike kwa nailoni inayopitisha mwanga na kuikandamiza pembeni kwa mawe ili joto lisitoke. Yaache kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa. Ukiingiza mkono chini ya nailoni saa saba hutaweza kuuacha humo, na joto hilo hilo ndilo linalowamaliza funza na mayai. Usifanye hivyo kwa maharage ya mbegu, kwa kuwa huenda yasiote. Yakitoka yapepete, kisha yapoe kabisa kivulini kabla ya kuyafungia. Maharage ya moto yakizibwa hutoka jasho, na jasho huleta ukungu.

Jerikeni zioshwe kwa maji ya moto na sabuni hadi harufu ya mafuta itoke, zikaushwe siku mbili zikiwa zimeinamishwa. Jaza kila moja mpaka shingoni, ukiigonga chini taratibu ili punje zishuke na hewa ipungue. Weka kipande cha nailoni juu ya mdomo kabla ya kukaza kifuniko, kisha uzifungue moja baada ya nyingine, si zote kwa pamoja.

Ile utakayokuwa ukichota kila siku haitakuwa imejaa, na kwayo kuna njia nyingine. Funza mdogo huhitaji karibu siku nzima kutoboa punje, naye hufanya hivyo akiwa ameegemea punje ya jirani. Ukiviringisha jerikeni sakafuni kila asubuhi na kila jioni, unamwondoa kwenye mhimili wake kabla hajaingia, naye hufa akiwa nje. Jerikeni ijae nusu tu, ili punje zipate nafasi ya kugeuka. Kwangu kazi hiyo ilikuwa ya mtoto aliyekuwa mdogo kuliko wote, kutoka mlango wa jikoni hadi ukutani na kurudi, na hakuna siku aliyoisahau.

Mahindi mimi nisingeyafunga kabisa kabla ya kukauka, hata kama nafasi ni finyu. Mahindi mabichi ndani ya chombo kisichopitisha hewa huchacha na kunuka.

Dada wa Arua

Naongeza mawili kwa ufupi. Magunia ya zamani yachemshwe na kuanikwa kabla ya kutumiwa tena, kwa sababu mayai hubaki katika nyuzi. Pia, maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa magumu kuiva hata kama hayana mdudu, na utayalipia kwa makaa. Zihifadhi jerikeni kwenye chumba chenye ubaridi, si chini ya mabati karibu na sigiri, na yaloweke usiku kucha kabla ya kupika. Kwa unga wa uji wa mtoto, mwenye friza na aufungie humo siku nne kabla ya kuuweka kwenye mkebe.

Mama wa Bweyogerere

Narudi kuwapa majibu baada ya siku tano. Mahindi yamekaa juani siku nne juu ya turubai la kuazima kwa jirani, na tuliyakimbilia mara mbili mvua ilipotishia. Leo alasiri nimerudia chupa: chumvi yote imeanguka chini na kioo ni kikavu. Kesho nayaongezea siku ya mwisho, kama mkulima alivyosema.

Maharage yalipata jua kali juzi. Nilipoyapepeta, wadudu weusi walitoka wachache, wote wamekufa. Yalipoa usiku kucha, na sasa jerikeni sita zimejaa mpaka shingoni, zimepangwa juu ya mbao sebuleni, si tena kwenye chumba cha watoto. Ya saba imefika nusu. Mwanangu wa darasa la nne ameshaichukua, anaiviringisha kwenye ukumbi, na nimemwambia arudi kuifanya tena jioni baada ya kuoga.