Naombeni mwongozo: nianzie wapi katika michezo ya njozi ya maandishi matupu?

MwanafunziMoro aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, na kompyuta yangu ni ya zamani, yenye RAM ya GB 4, ambayo hupiga kelele kama mashine ya kusaga kila ninapojaribu kufungua mchezo wenye picha. Wiki iliyopita mwenzangu wa bwenini alinionyesha mchezo usio na picha hata moja. Skrini ilikuwa nyeusi, maandishi yanapanda, yeye anaandika amri fupi fupi za Kiingereza, na watu walioko nchi nyingine wanamjibu humo humo wakiwa wachawi, wapiganaji na majitu. Nilivutiwa sana, nikajaribu mwenyewe usiku ule ule. Niliumba mhusika, nikajikuta mahali nisipopajua, maandishi yakamiminika kurasa kwa kurasa, nikabahatisha hiki na kile, na baada ya dakika kumi nikafunga kompyuta nikiwa nimeshikwa na aibu, ingawa hakuna aliyekuwa akinitazama.

Naomba kufahamishwa mambo matatu. Kwanza, ni mchezo upi unaomfaa mtu asiyejua chochote? Pili, je, Kiingereza changu cha shule kinatosha, maana nasoma vizuri lakini polepole? Tatu, mnawezaje kujua mahali mlipo ikiwa hakuna ramani wala picha?

KakaBando alijibu:

Karibu sana, ndugu. Nianze na jambo ambalo hukuliuliza, nalo ni bando. Kwa kuwa kinachosafiri ni maandishi tu, saa nzima ya mchezo hula data kidogo kuliko dakika chache za video, na hata mtandao ukiwa mzito utaendelea kucheza bila shida kubwa. Mimi huchezea kwenye simu ya Android kwa kutumia TinTin++, programu ya kuchezea michezo hii, ndani ya Termux, programu inayoleta skrini ya kuandikia amri kwenye simu, na nimefika mbali. Zima tu usahihishaji wa maneno kwenye kibodi ya simu, la sivyo amri zako zitageuzwa kuwa maneno ya ajabu katikati ya vita.

MzeeWaTelnet alijibu:

Mdogo wangu, kosa ulilofanya ni lile lile tulilofanya wote: ulitaka kucheza kabla ya kusoma. Katika michezo hii hakuna kinachoonekana isipokuwa kilichoandikwa, kwa hiyo mtu anayeruka mistari ni sawa na anayetembea amefumba macho.

Ni vizuri ujue asili yake kidogo, kwa sababu inakupunguzia kazi. Mchezo wa kwanza wa aina hii uliitwa MUD, na uliandikwa na Roy Trubshaw pamoja na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kuanzia mwaka 1978. Jina hilo ndilo lililobaki kuwa jina la jamii nzima ya michezo hii, ingawa kwa Kiingereza neno lenyewe ni tope. Mwaka 1991 kundi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, lilitoa DikuMUD, na kwa kuwa waliigawa programu yao kwa wengine, michezo mingi sana ilijengwa juu yake. Faida kwako ni kwamba ukizijua amri za mchezo mmoja wa ukoo huo, mwingine utauingia ukiwa nusu mwenyeji.

Kwa anayeanza mimi humwelekeza Aardwolf, ambao ulianza mwaka 1996, ni wa ukoo huo wa Diku na huchezwa bure. Una chuo cha wageni kinachokufundisha hatua kwa hatua, na una njia ya mazungumzo iitwayo newbie ambako maswali ya kijinga hujibiwa kwa upole. Wengine watakuambia uende Achaea, wa mwaka 1997. Maandishi yake yamesukwa vizuri, sikatai, lakini umejengwa juu ya kuigiza, siasa za miji na mapambano baina ya wachezaji wenyewe, na pia huuza pointi ziitwazo credits kwa fedha halisi. Mwanafunzi asianzie huko.

Pakua Mudlet, ambayo ni programu huria ya kuchezea michezo hii na hufanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Ukiifungua utakuta orodha ya michezo tayari imo, Aardwolf ukiwamo, hivyo huna haja ya kuhangaika na anwani za seva. Kuhusu simu natofautiana na KakaBando: kibodi ikishachomoza inafunika nusu ya skrini, na anayeanza anahitaji kuiona skrini yote. Simu ni ya mtu aliyekwisha kuhitimu.

Sasa nikuonyeshe maana ya kusoma. Mfano huu nimeutunga mwenyewe na kuuandika kwa Kiswahili ili uelewe, lakini umbo lake ndilo utakalolikuta:

*Njia ya Mawe Kando ya Ukuta*
*Njia inapinda kuelekea mashariki chini ya ukuta wa mji ulioota kuvu. Pembeni kuna shimo lililofunikwa kwa mbao mbovu, na harufu ya moshi inapanda kutoka ndani yake.*
*Njia za kutokea: kaskazini, mashariki*
*Panya mkubwa anatafuna mfupa hapa.*
*Mlinzi wa lango amesimama hapa.*

Mstari wa kwanza ni jina la mahali ulipo. Sisi hupaita chumba hata kama ni katikati ya msitu. Mgeni mwenye haraka huruka moja kwa moja hadi kwenye njia za kutokea, akaona kaskazini na mashariki, akaondoka zake. Aliyesoma amekwisha kuziona zile mbao. Ataandika "look" na jina la kitu hicho ili kukitazama kwa karibu, kisha atajaribu "open", na njia ya chini ikifunguka ataandika herufi moja tu, d, akashuka mahali ambapo wengine wamepapita kwa miaka bila kupajua. Moshi haupandi kutoka shimoni bila mtu aliyewasha moto.

Kisha kuna viumbe wawili. Kabla ya kumgusa yeyote, andika "consider" na jina lake, nawe utapewa jibu linalokuonyesha kama utamweza. Kwa panya jibu litakuwa la kukutia moyo. Kwa mlinzi huenda likawa la kukuuliza kama umeshaandika wosia. Ukiamua kupigana, andika "kill" na jina la mnyama, na mambo yakiharibika andika "flee" ukimbie. Ipo pia "wimpy", ambayo unaipangia kiwango cha uhai ili mhusika akimbie mwenyewe kikifikiwa. Iweke mapema, kwa sababu vidole vya mgeni huganda wakati wa hatari.

Kuhusu ramani, chukua daftari la mraba, lile la hesabu. Kila chumba ni kisanduku, kila njia ni mstari. Mudlet inaweza kukuchorea, na Aardwolf nao huonyesha ramani ndogo ya herufi, lakini kilichochorwa kwa mkono wako hakikutoki kichwani. Mimi bado ninalo daftari la mwaka wangu wa kwanza, na ukurasa mmoja una doa la chai mahali pale pale nilipouawa na buibui.

Jambo la mwisho ni nywila. Michezo mingi ya aina hii bado hutumia telnet, njia ya kale isiyoficha kinachopita, kwa hiyo tunga nywila ya mchezo huo peke yake, isifanane na ya barua pepe wala ya akaunti yoyote yenye fedha.

Nuru_Mombasa alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Mimi natembea nimefumba macho tangu kuzaliwa, na mle ndani sijapotea hata siku moja.

Ndugu mwanafunzi, sioni, na kompyuta yangu hunisomea kila mstari kwa sauti kupitia kisoma skrini cha NVDA. Michezo yenye picha ilinifungia mlango, lakini huku sote tunapewa maneno yale yale, na aniuaye hajui kama naona au sioni. Ikiwa yupo msomaji mwingine wa hali yangu, ningemshauri mchezo wa Alter Aeon, kwa sababu wasioona wengi wamejaa humo na wenye mchezo wamewazingatia. Kwa upande wa programu, MUSHclient ndiyo wengi wetu tuliyoizoea. Zile ramani za herufi anazozisifia Mzee nimezizima kabisa, maana kisoma skrini huzisoma "alama ya nukta, alama ya nukta, mstari wima" hadi mtu akachanganyikiwa.

Kuhusu Kiingereza, usiogope. Amri za kila siku hazizidi dazeni chache, na nyingi hukatwa: n ni kaskazini, s kusini, e mashariki, w magharibi, u juu, d chini, i ni kutazama mzigo ulioubeba. Shida iko kwenye maelezo ya mahali, kwa sababu waandishi wake hupenda maneno ya kasri, silaha na mavazi ya kale ambayo hukuyasoma shuleni. Mimi nilikuwa nikiandika kila neno geni, na baadaye nikagundua kuwa yanajirudia. Ukishajua kwamba "wield" ni kushika silaha mkononi na "wear" ni kuvaa, hutashangaa tena kwa nini una upanga mzuri mfukoni huku unapigana kwa ngumi. Hilo lilinitokea kwa siku tatu nzima.

Nami naongeza suala la saa. Wachezaji wengi wa Aardwolf wako Marekani, na jioni yao inaangukia saa tisa au saa kumi za usiku kwetu. Ukiingia mchana utakuta watu wachache, na mgeni anaweza kudhani mchezo umekufa. Kama unapenda kuwakuta watu jioni ya huku, jaribu baadaye BatMUD wa Finland, uliopo tangu mwaka 1990. Wakati wa majira yao ya joto saa yao ni sawa kabisa na ya Afrika Mashariki, na wakati wa baridi wanachelewa kwa saa moja tu. Ila ni mchezo mgumu, usiende kabla hujakomaa.

MwanafunziMoro aliandika:

Mzee wangu, dada Nuru, kaka, nawashukuru mno. Nimefuata maelekezo, na jana nilikaa saa mbili bila kuchoka. Nimechagua kuwa mpiganaji kwa sababu nilihofia kukariri majina ya uchawi. Nimekwisha kujaza kurasa nne za daftari.

Mambo mawili yamenitatiza. Kwanza, nilimsalimu mhusika mmoja kwa adabu zote, nikamweleza kwamba ni mgeni kutoka Morogoro, naye akanyamaza. Nikaomba radhi endapo nimemkosea, akanyamaza tena. Pili, umeme ulikatika nikiwa katikati ya pambano, na niliporudi nilijikuta nimekufa. Je, hilo linaweza kuzuilika?

KakaBando alijibu:

Umenichekesha, ndugu. Huyo uliyemwomba radhi hakuwa mtu.

MzeeWaTelnet alijibu:

Usimcheke, maana mimi niliwahi kumsubiri muuza mikate wa namna hiyo kwa robo saa nikidhani amekwenda kula.

Mdogo wangu, viumbe wengi unaowakuta wamesimama wanaendeshwa na mchezo wenyewe. Andika "who" upate orodha ya watu halisi walioingia wakati huo, na jina lisilokuwamo mara nyingi ni la kiumbe wa mchezo. Kumbuka pia kwamba "say" husikika chumba kizima, ilhali "tell" na jina humfikia mtu mmoja popote alipo, na swali la kuomba msaada lipeleke newbie.

Kuhusu umeme, katika michezo mingi mhusika haondoki papo hapo mawasiliano yanapokatika. Hubaki amesimama pale pale kwa muda, na adui anaendelea kumpiga. Ile wimpy ndiyo inayosaidia hapo, kwa kuwa inafanya kazi hata wewe ukiwa gizani unatafuta mshumaa. Umeme ukirudi, ingia upesi kwa jina lile lile na utaupokea mwili wako ulipouacha. Ukikuta umekufa, soma "help death" kabla ya kufanya jambo jingine, kwa sababu katika michezo mingi ya ukoo huu vitu vyako hubaki kwenye maiti yako, nayo huoza baada ya muda. Kama mahali penyewe umeshapachora kwenye daftari, utapafikia kabla haijaoza. Na siku ambazo umeme una mashaka, pigana karibu na mjini, na ukimaliza andika "recall" urudi mahali salama ndipo uandike "quit".

Nuru_Mombasa alijibu:

Na kabla ya kuifuata hiyo maiti, hakikisha kwanza kwamba aliyekuua ameondoka.